Vipande vya buluu mtaroni

Maji yaliingia dukani usiku, nami niko nyumbani nimelala. Nilipofungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza kunilaki kilikuwa futi yangu ya kupimia, inaelea kama nyoka mdogo wa manjano. Nyuma yake gunia lenye mashati kumi na tisa ya shule, yaliyokuwa yachukuliwe Jumatatu, limekaa chini limeshiba maji ya mtaro. Mashati meupe. Aliyewahi kufua shati jeupe lililokunywa tope la Nakuru anajua kwamba pale hakuna sabuni ya kusaidia. Pale ni kununua kitambaa upya, na kitambaa hicho anakinunua fundi, si mzazi wa mwanafunzi.

Kwa wasioujua mji wetu: sisi tuko kwenye mteremko. Kaskazini kuna mlima wa Menengai, kusini kuna ziwa, na mji umekaa katikati. Mvua ikinyesha kule juu, maji hayana njia ila kupitia kwetu kwenda ziwani, na ziwa lenyewe halina mto wa kutolea maji. Kitu kikiingia, kimeingia. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi; kiangazi unakuingia machoni, masika unateremka na maji hadi mlangoni mwa mtu. Kwa hiyo mtaro kwetu si urembo wa barabara. Duka langu liko upande wa chini, mlango wa nne kutoka kwa muuza makaa. Mtaa wenyewe siutaji, kwa sababu wahusika wote bado tunasalimiana.

Wiki ileile kukawa na baraza. Nikasimama nikasema yangu. Nalipa kibali cha biashara kila mwaka. Nikinunua uzi, ndani ya bei ile kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, siulizwi kama nataka. Katiba, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za usafi zinazofaa. Sasa mimi mbona nashona nikiwa nimevaa gambuti? Watu wakacheka na kupiga makofi.

Aliyekuwa akijibu, afisa ambaye simtaji yeye wala ofisi yake, alitabasamu, akashika kipaza sauti. "Mama, haki na wajibu ni doti moja ya kanga. Huwezi kujifunga kipande kimoja, kingine ukakitupa. Timizeni wajibu wenu kwanza, haki zitawafuata zenyewe."

Alipigiwa makofi mengi kuliko mimi. Nisiwe mwongo, na mimi nilipiga. Maneno yalikuwa matamu.

Niliporudi kwenye cherehani ndipo yakaanza kunikwaruza. Nimepinda kanga tangu nikiwa msichana. Doti ni vipande viwili vinavyofanana kabisa: pindo moja, mji wa katikati mmoja, jina moja. Unakata katikati, unapinda huku na huku, na ukivichanganya hakuna atakayejua kipi ni kipi. Haki na wajibu havifanani hivyo hata kidogo. Halafu lile neno "kwanza". Hilo ndilo lililonikalia kooni kama mwiba wa tilapia.

Jioni nilipita Bondeni kwa mama. Ana miaka themanini na ushei, masikio mazima, ulimi mzima zaidi. Nikamsimulia maneno ya yule afisa. Akaacha kuchambua mchele.

"Wajibu kwanza? Alikwambia hivyo? Baba yangu mimi alifanya kazi ya reli hapa hapa Nakuru. Kipande, kile cheti cha kazi cha mkoloni, alikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati, kama kengele ya mbuzi. Kodi ya kichwa alilipa kila mwaka, hata mwaka alioumwa. Alitimiza wajibu mpaka mgongo ukapinda. Kura hakupiga."

Ni kweli hakupiga. Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria walichaguliwa Machi 1957, na hata wakati huo mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato na mali. Babu hakuwa na cha kupimwa. Mama mwenyewe anakumbuka siku za chama kimoja, wewe na kikapu chako umefika sokoni, kijana wa chama amesimama langoni anataka kuona kadi. Huna kadi, huna kabeji. Na anakumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988, watu wamepangwa foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, wanahesabiwa kwa macho, mchana kweupe. Akifika hapo huwa anainua mkono, urefu wa foleni moja, halafu urefu wa foleni ya pili, halafu anakuangalia tu. Hasemi nani alitangazwa.

"Tulikuwa raia wema sana, mwanangu. Ungetuona."

Basi hapo ndipo sikubaliani na doti ya yule bwana. Wajibu kwetu ulitangulia miaka mingi, na haki hazikuufuata. Zilipokuja, zilikuja kwa sababu watu walikataa baadhi ya huo wajibu. Wazee wana methali, Mgala muue na haki yake mpe. Ina ukali na ina kabila la watu ndani yake, sikuhizi ningeishona upya, lakini iangalieni vizuri: haisemi umpe haki yake kwa kuwa ni mtu mwema, wala kwa kuwa amelipia. Hata yule unayetaka kumuua, chake ni chake.

Dukani nina kijana ninayemfundisha kazi. Ana miaka ishirini na miwili, mkono mzuri kwenye kola, mbovu kwenye zipu. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, alikuwa barabarani na wenzake, bendera mabegani na chupa ya maji mkononi. Tarehe 25 alirudi macho yamevimba kwa moshi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi mswada ule, na kijana akashona siku nzima akipiga mluzi. Nilipomsimulia habari ya baraza alitoa simu, akanisomea Kifungu cha 19 cha Katiba, pale panaposema haki hizi ni za kila mtu na wala hazitolewi na serikali.

"Kama hawakuzitoa wao, Fundi, wanakwambiaje uzisubiri?"

Sikuwa na jibu. Ila kijana huyohuyo hajajiandikisha kupiga kura. Nikimgusa hapo anasema kupiga ni haki yake na kutopiga pia ni haki yake. Kisheria hajakosea, Kenya hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupiga kura. Lakini ananikera. Tumekubaliana kugombana juu ya jambo hilo mpaka uchaguzi wa Agosti 2027.

Yeye ndiye aliyenifundisha barua. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza namna ya kuomba: unaandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, nao wana siku 21 za kukujibu. Tukaandika kwa Kiswahili, juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na pasi. Maswali manne. Mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho? Kazi alipewa nani? Zilitengwa pesa ngapi? Kazi yenyewe ilikuwa ifanywe vipi?

Binti wa mapokezi katika ofisi ile aliigeuza karatasi mara mbili kana kwamba Kiingereza kiko upande wa nyuma.

"Mama, hii hatungeipata kwa Kiingereza?"

"Kiswahili kinatosha, mwanangu. Sheria imesema."

"Sheria gani?"

Kijana akamsomea. Binti akaenda ndani, akakaa, akarudi na muhuri. Nikamwomba apige na kwenye nakala yangu. Niliangalia ule muhuri wa zambarau wenye tarehe kama mtu anavyoangalia picha ya harusi. Upo kwenye bati ninamohifadhi vifungo.

Katika zile siku za kungoja nilihudhuria pia mkutano wa bajeti, wa kutoa maoni. Katiba inaulazimisha ushirikishwaji wa umma, kwenye Bunge na kwenye mabaraza ya kaunti vilevile, na makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa yawe mezani kabla ya Aprili kwisha, kwa hiyo mikutano hii si jambo la siri. Ila hufanywa Jumanne saa nne asubuhi, na Jumanne saa nne asubuhi mtu mwenye mtaro mbovu yuko kazini. Nilifunga duka. Ulianza karibu saa sita. Tulikuwa tisa, pamoja na mlinzi wa ukumbi na mwanamke mmoja aliyekuja kukojolesha mtoto. Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene kama Msahafu, cha Kiingereza, na kilikuwa kimoja. Tulipewa soda. Nilisema habari ya mtaro, ikaandikwa. Siku hiyo nilipoteza sketi mbili za marinda ambazo mteja alizihamishia kwa fundi mwingine. Haki nayo ina nauli, na hii hatukuambiwa barazani.

Jibu la barua lilikuja siku ya thelathini na nne. Karatasi moja, Kiingereza kitupu. Kijana akatafsiri akiwa amesimama. Mtaro ulizibuliwa mwezi wa Machi. Vifuniko vya zege viliwekwa. Kazi imekamilika.

Nilifungua kinywa nipige kelele. Kisha nikaikumbuka Machi.

Walikuja kweli. Naikumbuka siku yenyewe kwa sababu walirundika tope mbele ya mlango wangu na mteja akaruka, sketi ikapasuka hadi kiunoni, nikamshonea bure. Walichimba mpaka sakafu ya simenti ikaonekana. Wiki tano, sita hivi, maji yalipita pale yakiimba. Vifuniko ndivyo havikuonekana, wala hakuna mtu mtaani aliyewahi kuvikanyaga. Kwa hiyo barua ilikuwa nusu kweli, nusu uongo, na nitawaambia bila kuficha kwamba nusu ya kweli ndiyo iliyoniuma zaidi. Nani aliujaza mtaro ule kati ya Machi na ile mvua ya mashati?

Jumapili tulijitokeza watu kumi na mmoja, na sepeto mbili, karai na toroli ya muuza makaa. Hatukuitwa na mtu mwenye cheo. Fundi wa viatu aliingia ndani ya mtaro, sisi wengine tukapokea. Vilitoka vya kutoka: chupa, pampasi, kiatu cha kushoto, vumbi la makaa lililoganda kama lami, na mifuko ya plastiki ambayo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, ikiwa na afya njema kuliko mashati yangu. Tulipofika kwenye bomba linalopita chini ya njia, karibu na mlango wa mama wa mandazi, sepeto ikagoma. Fundi wa viatu akaingiza mkono, akashika kitu, akavuta. Kikaja kirefu, kimejisokota kama utumbo wa ng'ombe, kizito, kinachuruzika. Akakitupa ukingoni, akakikanyaga kikafunguka.

Kitambaa. Vipande vya buluu, ile buluu ya sketi za shule, vimeshikana na uzi na tope.

Kila fundi anaujua mkasi wake. Wangu ulianguka kwenye sakafu 2019 ukapata pengo karibu na ncha, na tangu hapo kila ukikata unaacha mahali padogo pasipokatika vizuri, nyuzi mbili tatu zinavutika nje kama kope. Niliinama nikaokota kipande kimoja. Zile kope zilikuwepo. Nikaokota cha pili. Zilikuwepo.

Vijana wa taka huchukua shilingi hamsini kwa wiki. Mwezi wa Aprili kazi ilikuwa chache na kodi ya duka imenikaba. Nikajiambia kwamba vitambaa si taka kama taka, ni vitambaa tu, vyepesi, maji yatavibeba. Nilikuwa navimwaga nikifunga duka, giza likishaingia. Mara ngapi? Za kutosha. Giza lenyewe linakwambia nilikuwa najua ninachofanya.

Mama wa mandazi alikuwa ameshika karai. Usiku ule wa maji yeye alipoteza pakiti kumi za unga na jiko, na siku tatu hakukaanga. Aliangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi. Akasema, "Fundi, chai iko tayari, njooni mnywe kabla haijapoa." Basi. Ningependa angenitukana.

Madrasa, Bondeni, tulifundishwa kuna faradhi ya kila mtu na kuna faradhi kifaya. Sala yako ni yako, hakuna wa kukusalia. Lakini kumwosha maiti na kumzika ni faradhi ya mji mzima: wakisimama wachache wakatosha, wengine wote wamepona, asiposimama hata mmoja, dhambi ni ya wote, kuanzia imamu hadi muuza kahawa. Nilipokuwa mtoto niliona ni hesabu ya ajabu. Ndani ya ule mtaro nilielewa. Na mwalimu alikuwa na neno jingine, haki ya jirani. Hakusema wajibu kwa jirani. Alisema haki, yake yeye, iliyoko mikononi mwako. Hapo ndipo yule afisa alipokosea, kwa maoni yangu. Alichukua deni ninalodaiwa na mama wa mandazi, akaliandika kwenye daftari lake yeye, kisha akalitumia kunizuia nisimdai vifuniko. Hata Katiba, Kifungu cha 69, inapozungumza juu ya wajibu wa kutunza mazingira, inataja kushirikiana na vyombo vya serikali na vilevile na watu wengine. Mimi niliwasahau hao watu wengine. Lakini mimi kumwaga vitambaa hakukumpa mtu ruhusa ya kuandika vifuniko ambavyo havipo.

Nimeishi mahali ambapo haki zote ziliwahi kuzimika kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka. Katiba ilikuwepo, ile ya zamani, polisi walikuwepo, sheria zote zilikuwa mahali pake kwenye rafu. Kilichookoa cherehani yangu ni jirani wa wakati ule, mtu ambaye kwa hesabu za siku hizo alikuwa adui yangu. Aliibeba usiku peke yake, chuma kizito vile, akaisukuma chini ya kitanda cha wanawe. Mimi na watoto akatufungia jikoni, akakaa mlangoni na kikombe cha chai kana kwamba anapunga upepo. Hakuna aliyempa wajibu huo. Alihamia Eldama Ravine, na kila Idi ananipigia simu kuuliza kama cherehani bado inashona.

Inashona. Vipande vyangu siku hizi naviweka kwenye gunia, na mzee mmoja wa mtaa wa Free Area anakuja kuvichukua ajaze mito. Halipi, lakini pia hanidai hamsini. Mama wa mandazi nilimpelekea unga, pakiti kumi. Akachukua sita, akasema nne ni zake mwenyewe, kwa maganda ya viazi aliyomwaga yeye. Sikujua habari ya maganda ya viazi.

Barua ya pili tumeipeleka, hii ni ya vifuniko tu: vilikuwa vingapi, vilitengenezwa na nani, na viko wapi. Kiswahili tena. Binti yule alipiga muhuri kwenye nakala zote mbili kabla sijaomba, akaniuliza kama nashona suti za wanawake. Siku ya ishirini na moja itakuwa Jumatano.

Jana jioni mvua ilinyesha juu Menengai. Nilisimama mlangoni na kijana wangu tukaangalia maji yakija, mekundu, ya haraka, yamebeba majani. Yalipita. Yakafika kwenye bomba, yakazunguka kidogo, yakapita. Asubuhi ya leo, ukingoni mwa mtaro, palepale tulipochimba, mtu ameacha pampasi, imefungwa vizuri kama zawadi. Nimemtuma kijana aulize polepole nani ana mtoto mchanga upande wa juu.